Sura ya Saba: Kivuli cha Nani?

Kila halmashauri nchini Tanzania imeagizwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Halmashauri ni 184, kwa hiyo jumla yake ni miti milioni 276, na hesabu hiyo husomwa majukwaani kila inapokaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ambayo mabwana misitu wengi huipendekeza, hekta moja huchukua miche 1,111. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu hekta laki mbili na nusu za msitu mpya kila mwaka. Msitu wa ukubwa huo usingehitaji kutafutwa. Ungetuzibia njia.

Miti inapandwa, hilo halina ubishi, tena kwa jasho la watu wengi. Ila kinachoingia daftarini ni idadi ya mashimo yaliyotiwa mche. Majirani zetu nao wana daftari hilohilo. Ethiopia ilitangaza kwamba tarehe 29 Julai 2019 ilipanda miche zaidi ya milioni 350 kwa siku moja. Kenya iliifanya tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wote waende kupanda, na lengo lilikuwa miche milioni 100. Mgeni rasmi anashika koleo, anatia udongo kidogo, anapigwa picha, anaondoka. Mtu atakayerudi wiki ya sita na ndoo ya maji hana safu yake kwenye daftari lolote. Sura hii ni ya huyo.

Mijini utamkuta akihudumia bustani ya katikati ya barabara: mwenye duka aliyechoka kutazama vumbi, vijana wa kituo cha bodaboda, akina mama wa jumuiya ya kanisa, mstaafu mwenye mpira wa maji unaofika hadi ng'ambo ya mtaro. Anamwagilia ukoka na mikrismasi ambayo si yake, kwenye ardhi ambayo si yake, na hakuna aliyemtuma. Lakini mjini kelele ni nyingi, na mambo yanayomwezesha au kumvunja moyo mtu huyu hayaonekani vizuri. Ndiyo maana nataka tumwangalie akiwa Kituntu.

Kituntu ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, na mazingira yake hayatofautiani sana na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Haina barabara ya njia nne wala bustani ya katikati. Ina vibanja: migomba juu, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na nyumba humohumo ndani ya kijani. Ukitoka kwenye kibanja unaingia kwenye ardhi ya wote, yaani barabara ya changarawe na kando zake, uwanja wa shule, eneo la zahanati, njia ya kwenda kisimani, gulio. Tofauti hiyo huonekana kwa macho. Ndani ya kibanja kila mti una mtu wake na historia yake. Nje ya kibanja mara nyingi ni nyasi, mtaro na jua kali. Watu ni walewale, udongo ni uleule, na mvua ni ileile. Anayeweza kulea mbuni kwa miaka arobaini nyuma ya nyumba yake anaushindwaje mti mmoja mbele ya shule?

Jibu rahisi ni kwamba cha wote hakina mwenyewe. Nalikataa jibu hilo, kwa Kagera angalau, kwa sababu huko mti haujawahi kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Tatizo liko upande wa pili: mti una umiliki mwingi mno.

Tuanze na kahawa. Kabla ya Wajerumani kufika, huko Buhaya, nchi ya Wahaya hapohapo Kagera, mbuni haukuwa zao la kila mtu kujipandia. Buni mbichi zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa, na hadi leo mgeni hupewa chache kiganjani kabla ya mazungumzo. Kitu cha heshima namna hiyo kilikuwa chini ya mkono wa abakama, yaani wafalme wa huko, na kupanda kulitaka idhini yao. Mbuni hudumu miaka mingi kuliko aliyeupanda, na mwenye mti uliodumu ana neno juu ya ardhi uliposimama. Mkama aliyeachia watu wapande ovyo angekuwa anagawa nchi bila kujua. Baadaye ukaja mfumo wa nyarubanja, ambamo mtu wa mkama alipewa eneo pamoja na watu waliokuwamo. Mwenyeji akaamka siku moja akiwa mtwarwa, yaani mpangaji, kwenye shamba alilolima baba yake, akidaiwa mazao na kazi. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1965 ili watwarwa waanze kuondokana na mfumo huo na kumiliki walichokuwa wakikilima.

Mambo hayo hayajaisha kwenye vichwa vya watu. Mkulima wa Karagwe atakuazima kipande ulime maharage msimu mmoja au hata mitatu, na huenda asidai chochote zaidi ya debe moja baada ya mavuno. Thubutu kupanda mgrivea hapo. Kabla jua halijazama utakuwa umeitwa kwa balozi, na akishindwa balozi utafikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mazao ya kudumu ni tamko la umiliki. Kila mtu anajua, hata mtoto. Kwa hiyo kundi la vijana likionekana kando ya barabara na majembe, viriba na kamba ya kupimia mstari, anayepita haoni uzalendo. Anaona madai.

Hebu tuwatume kwa kichwa tu, vijana kumi na wawili, wapande miche 200 kutoka shule ya msingi hadi zahanati. Siku ya kwanza, kabla ya shimo la kumi, atasimama mzee mmoja na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnapanda nini hapo?"

"Miti ya kivuli, Mzee. Watoto wa shule wanaungua na jua."

"Kivuli cha nani?"

Wengi wetu tungemwona mzee huyo kuwa mkorofi. Mimi naona ndiye pekee aliyeuliza swali ambalo mradi ulipaswa kuanza nalo. Kibanja chake kinapakana na mtaro. Akikaa kimya leo, baada ya miaka kumi na mitano huenda mtu asiyemfahamu akaja na msumeno, akasema hii miti ni ya kikundi chetu, na mpaka wetu unaanzia hapa. Asipokaa kimya, usiku atapita aing'oe mmojammoja, na asubuhi tutasema mbuzi.

Serikali nayo ina jibu lake kwa swali la mzee. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Watu wengi waliifahamu sheria hiyo kwa rangi: alama ya X nyekundu ukutani kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na X ya kijani kwa aliyekutwa ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa. Mita sitini za upana maana yake kila kilomita moja ina hekta sita. Ukitoa lami, mabega na mitaro, zinabaki zaidi ya hekta nne. Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene, iliyowekwa lami katika muongo wa 2010, peke yake ina zaidi ya kilomita hamsini. Ni shamba refu kuliko la tajiri yeyote wa Kagera, na limekaa mbele ya milango ya watu.

Kwenye karatasi shamba hilo liko chini ya TANROADS, na barabara ndogo zile za ndani ya kata ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ukitaka kupanda hapo unahitaji ruhusa yao, na wana sababu za msingi. Mti kwenye kona humzibia dereva. Shina nene karibu na lami humuua aliyeteleza. Mizizi hupasua mtaro. TANESCO nao wana nyaya zao juu, na panga lao halichagui mti wa hisani na mti wa bahati mbaya. Kikundi kinachoona ruhusa ni urasimu kitakuja kuielewa siku greda litakapopita.

Maana adui wa mche wa barabarani Kituntu si mbuzi peke yake. Mbuzi unamwekea uzio wa miti ya miiba na amekwisha. Greda huja baada ya mvua kufungua mitaro, na dereva wake amelipwa kwa kilomita. Hakuna atakayeshuka kuangalia kama kile kijiti ni mche au gugu. Wanafuata wafyekaji wa nyasi, nao wana mkataba wa kusafisha kando, na fyekeo likiwa mkononi tangu alfajiri kila kilicho chini ya goti ni nyasi. Dawa yake ni ya bei ndogo: kigingi cha mti kilichochovywa chokaa kando ya kila mche, urefu wa mita moja, na taarifa kwa ofisi ya TARURA ya wilaya kabla ya msimu wa kufyeka. Lakini kupeleka taarifa ni kukiri kwamba umepanda, na kukiri kwamba umepanda ni kurudi kwenye swali la mzee. Ndiyo sababu wengi hupanda kimyakimya na kulia kwa sauti.

Kisha kuna kalenda. Kagera ina mvua mbili, vuli ya Septemba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, halafu kiangazi cha Juni, Julai na Agosti. Mche uliopandwa Oktoba unapata vuli, unavuka ukavu mfupi wa mwanzo wa mwaka, unapata masika yote, na unaingia Juni ukiwa na mizizi ya miezi minane. Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili unaingia Juni ukiwa na miezi miwili. Siku ya Taifa haikupangwa kwa ajili ya Karagwe peke yake, sawa, lakini kijana wa Kituntu anayesubiri mgeni rasmi ili aanze kupanda anaupa mche wake nusu ya mvua uliyostahili.

Halafu nani atamwagilia? Kila mradi utakuambia: wanafunzi. Ni jibu tamu mpaka ufungue ratiba ya shule. Wanafunzi hufunga shule mwezi Juni na kurudi Julai, yaani likizo inaanza wakati mvua imekatika. Wanarudi wakikuta vijiti.

Basi turudi kwa vijana wetu kumi na wawili na tufanye hesabu ya maji. Miche 200, lita tano kwa kila mmoja, mara moja kwa wiki: ni lita elfu moja, sawa na ndoo hamsini za lita ishirini. Wiki kumi na mbili za kiangazi zinafanya ndoo mia sita. Kila kijana anabeba ndoo hamsini kutoka kisimani, na visima vya Karagwe viko mabondeni wakati barabara ziko migongoni mwa vilima. Ndoo hamsini kichwani, kupanda mlima, kwa ajili ya mti ambao mzee amekwisha kuuliza ni wa nani. Kabla hatujawaita vijana wavivu, tuibebe hata moja.

Wenyeji wana njia ya kupunguza ndoo hizo. Baada ya kuvuna mkungu, shina la mgomba hukatwa. Vipande vyake vikipasuliwa na kulazwa kuzunguka mche, upande wa ndani ukitazama chini, huachia unyevu kidogokidogo kwa majuma kadhaa. Juu yake huwekwa matandazo ya nyasi, lakini yasiguse shina, mchwa wasije wakapata daraja. Wengine hukata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, hutoboa kifuniko kwa msumari, na kuichomeka kichwa chini karibu na mizizi; maji yanadondoka usiku kucha badala ya kukimbilia mtaroni. Kwa namna hiyo unaweza kwenda wiki mbili bila kurudi, na ndoo mia sita zikapungua hadi mia tatu. Kumbuka kwamba migomba hiyo inatoka kwenye vibanja vya jirani. Jirani aliyeng'oa mche wako hatakupa mgomba wake, na aliyekupa mgomba wake hawezi tena kuung'oa bila kujing'olea chake. Nadhani kitu hiki kidogo kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko semina tatu.

Mtu aliyeielewa hesabu hii mapema kuliko wote Afrika Mashariki alikuwa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi na kupanda miti saba kuwaenzi watu saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Mingi kati ya hiyo saba haikudumu. Sherehe ilikuwepo, viongozi walikuwepo, ardhi ilikuwa ya umma, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kudumu pale. Vuguvugu la Green Belt lililotokana na siku ile halikukua kwa kurudia sherehe ile. Lilikua lilipokwenda kwa wanawake wa vijijini, wakaotesha miche wenyewe kwa mbegu za kwao, na wakalipwa kiasi kidogo, mwanzoni kama senti nne za Marekani, kwa kila mche uliopandwa na ukaonekana bado uko hai.

Uko hai. Hapo ndipo daftari lilipobadilika. Senti nne hazikumtajirisha mtu, na wanawake wale wangeweza kuitwa watu wa kujitolea bila aibu. Malipo hayo yalifanya jambo jingine: yalimpa mama wa Murang'a au Nyeri sababu ya kueleweka, mbele ya mume wake na jirani yake, ya kuutembelea mti huo mara kwa mara. Hakuhitaji kujieleza kwamba anapenda mazingira. Wataalamu wa misitu walicheka mwanzoni, wakihoji kina mama wasio na diploma wataotesha nini. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 miti ilikuwa imepita milioni thelathini. Watu humkumbuka zaidi kwa Uhuru Park mwaka 1989, alipozuia jengo la ghorofa sitini, na kwa Karura, ambako walinzi walimpiga na kumjeruhi Januari 1999. Yote ni kweli na yote ni ya kishujaa. Kwangu mimi, hata hivyo, uvumbuzi wake mkubwa ni ile kanuni ya kulipa baada ya miezi, kwa kilichobaki.

Linganisha na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, na tangu hapo Jumamosi hiyo ikawa desturi ya usafi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda wana umuganda wao siku hiyohiyo, na Kigali inajulikana duniani kwa hilo. Kwa takataka mpango huo unafaa sana, kwa sababu takataka ya mwezi mzima hukusubiri. Mche hausubiri. Katikati ya Julai, mche wa miezi mitatu usiopata maji tangu Jumamosi ya mwisho ya Juni hautaikuta Jumamosi ya mwisho ya Julai. Kazi ya mwezi haiwezi kulea kitu cha wiki.

Dar es Salaam ina somo lake, na liko mahali ambapo maofisa hawapendi kulitafuta. Pita Barabara ya Bagamoyo na barabara nyingine kubwa za jiji uone wauza maua na miche. Wamejipanga ndani ya hifadhi ya barabara, viriba kwa mamia, miashoki, mikoma, mawaridi, udongo uliochanganywa na samadi, na mtu anayemwaga maji asubuhi na jioni. Hawakuja kupendezesha mji. Wamekuja kuuza. Lakini kipande walichokaa ni kijani mwaka mzima bila shilingi ya jiji, na miti mikubwa iliyo juu ya vitalu vyao haikauki kwa sababu wao wanahitaji kivuli chake kwa ajili ya miche michanga. Kila baada ya muda husikia kwamba wataondolewa. Mpangaji wa miji mwenye busara angeanza nao, angewaandikia karatasi ya miaka mitatu na kuwakabidhi mita mia mbili za bustani ya katikati kila mmoja, na kuona kitakachotokea.

Mbadala wake tunaujua. Barabara ya Samora zama za Waingereza iliitwa Acacia Avenue. Jina la mti lilibandikwa kwenye kibao cha barabara, na baada ya Uhuru kibao kikabadilishwa. Leo anayetembea pale saa saba mchana hutafuta kibaraza, hatafuti mkakaya wala mgunga. Miti ya mamlaka hudumu kama mamlaka inavyodumu.

Isipokuwa ikiwa na jina la mtu. Unguja, ukielekea kusini kupitia Bungi, barabara inapita katikati ya safu mbili za miembe mikubwa ambayo watu wote wanaiita ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Imesimama tangu karne ya kumi na tisa. Jina halimwagilii mti, najua, na mwembe ukishakomaa haudai mengi. Lakini fundi wa barabara anayetaka kuikata miembe ya Bi Khole anajua atakuwa amekata kitu cha mtu. Nairobi ilitokea karibu hivyo mwaka 2020, wakati barabara ya juu kwa juu ilipokuwa inajengwa na mgumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way, Westlands, ukawa kwenye njia ya ujenzi. Wananchi walipiga kelele, na mwezi Novemba ikatoka amri ya Rais kwamba mti huo usiguswe. Miti mingine mingi kando ya barabara hiyo ilikwenda. Mgumo ulikuwa na wenyewe, kwa maana kwamba kwa Wakikuyu mgumo si mti wa kukata hivi hivi. Mijakaranda haikuwa na wa kuisemea.

Kwa hiyo nikirudi Kituntu, sioni haja ya kuwafundisha vijana kupenda miti. Nisingewapa pia hati ya kumiliki kando ya barabara. Hapo mzee na fimbo yake atakuwa na haki kamili. Wanahitaji kitu kidogo kuliko umiliki na kikubwa kuliko kujitolea, na chombo cha kukitoa kipo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. TARURA inaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja ikitaja umbali kutoka mtaroni na aina za miti. Mgrivea na mshambya hufaa: mgrivea unavumilia kupogolewa kila mwaka, na mshambya ukikatwa unachipua tena kutoka kwenye kisiki na kutoa nguzo nyingine. Mkaratusi ningeuacha kwa wenye mashamba ya nguzo. Na kila mche upewe kibanja kinachoutazama. Anayeishi mbele yake ndiye mlezi wake, vijana wawe wa kusaidia maji ya Julai na kuhesabu.

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa, nao usisahauliwe. Panapokuwa na taa kali karibu na barabara, usiku wa Novemba watu wote wako pale na ndoo na viroba, wakubwa kwa watoto, na hakuna mtu mwenye senene mbele yake aliyewahi kutazama anapokanyaga. Miche ya Oktoba iko chini ya miguu hiyo. Iwekewe uzio kabla, au isipandwe chini ya taa.

Makubaliano yenyewe yanaweza kuingia kwenye nusu ukurasa wa muhtasari. Kwanza, kupanda hakumpi mtu ardhi, iwe mlezi au kikundi, na hili lisomwe kwa sauti mzee akiwepo. Pili, matawi ni ya mlezi: kuanzia mwaka wa pili au wa tatu mgrivea hupogolewa, na kuni hizo ni zake, pamoja na nyasi zote zinazoota kwenye kipande chake, akate alishe au atandaze migomba. Tatu, shina ni la kijiji, na mti ukivunwa au kuangushwa na upepo, fedha zigawanywe kati ya mfuko wa shule na mlezi kwa kiwango kilichoandikwa. Nne, barabara ikipanuliwa hakuna fidia, lakini mlezi apewe taarifa na siku kumi na nne za kuvuna. Tano, hesabu ifanywe Septemba, baada ya kiangazi, na iwe ndiyo hesabu pekee itakayopelekwa wilayani.

Kipengele cha tatu ndicho kitakachoupeleka mkutano hadi jioni. Mlezi atataka nusu, mwalimu mkuu atataka robo tatu, mwenyekiti atasema tuanze tu na mambo ya fedha tutayaona mbele ya safari. Wasimkubalie. Wabishane papo hapo, wakati miche bado iko kwenye viriba na hakuna mwenye msumeno.